Ubeti wa Tano Umelala Ndani

Nina daftari ambalo nje nimeandika KOMPYUTA kwa wino mwekundu. Humo ndani hamna uongo hata mmoja. Kila nilichoandika nilikiona kwa macho yangu mawili, siku ile ile, kabla sijasahau. Na bado, kwa kutumia daftari hilo hilo, nilimwonea mtu mbele ya watu. Mtu mwenyewe ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Ndiyo maana nimelitoa kabatini ili nieleze upya habari yote, kwa mpangilio. Nikipotea mahali mnisamehe. Mimi niliishia darasa la saba, na ukatibu wa kwaya nilipewa kwa sababu ya mwandiko tu.

Kompyuta, ile ya kufunika na kufunua kama kitabu, ilitoka kwa binti yangu anayefanya kazi Songea. Alipopata mpya, ile ya zamani akaniletea hapa kijijini, njia ya kwenda Litembo, imefungwa ndani ya sweta. Alinifundisha siku mbili: kuiwasha, kuandika, kuhifadhi nilichoandika, kuifunika.

"Mama, ukimaliza usihangaike kuizima," alisema. "Ifunike tu, inalala. Kesho ukiifunua inaamka pale pale ulipoishia."

Nililipenda sana jambo hilo. Mimi mwenyewe siamki pale pale nilipoishia. Naamka nikitafuta viatu.

Sasa kitu kama hicho huwezi kukiweka popote. Kila nyumba hapa kwetu ina mahali pake pa kuweka kitu cha heshima. Kwa wengine ni juu ya kabati, kwa wengine ni juu ya redio, na lazima patandikwe kitambaa cha kufuma. Kwangu mahali hapo ni juu ya spika ya kwaya. Spika yenyewe ni sanduku la mbao, urefu wake unafika kiunoni, na inatunzwa kwangu kwa sababu mlango wa kanisa la kigango haufungiki vizuri. Wajukuu walikuwa wanatia vidole kwenye wavu wake, basi tukailaza uso chini, mgongo juu, ikawa kama meza ndogo. Wifi akafuma kitambaa cheupe chenye maua ya buluu pembeni. Upande mmoja hakuumaliza, uzi uliisha, lakini tulikitandika hivyo hivyo na kompyuta ikapanda pale. Mgeni akiingia sebuleni aliiona hiyo kwanza, ndipo akaniona mimi.

Nilipokuwa na kazi ya kuandika niliibeba hadi meza ya kulia, nikaandika, nikaifunika, nikairudisha kwenye kiti chake. Alhamisi, siku ya mazoezi ya kwaya, sikuibeba. Wanakwaya waliizunguka pale pale juu ya spika, wafupi mbele, warefu nyuma, wakasoma maneno kwenye kioo. Tulisema tumeendelea.

Na kwenye mazoezi hayo ndipo ilipoanza kunitia aibu. Naifunua: giza. Nabonyeza kitufe cha kuwashia, kioo kinatoa mwanga kidogo kama mtu aliyefumbua jicho moja, halafu kinazima. Taa ndogo ya pembeni inaendelea kupepesa polepole, kuonyesha kwamba haijafa, imelala. Nabonyeza tena. Jicho moja, giza.

"Katibu," mwalimu wa kwaya anasema, na wote wananyamaza wamsikie, "huyo wako jana alikunywa nini?"

Mwisho nashikilia kitufe mpaka inazimika kabisa, naifunika, tunaimba tunayoyakumbuka. Kesho yake naiweka mezani, naiwasha, inawaka bila neno. Naifunika, naifunua, inaamka kama mtoto aliyesikia jina lake. Mimi peke yangu naishangilia.

Haki ya mwalimu wa kwaya nimpe: alinitania, lakini hakusema hata siku moja kwamba nirudishe ukatibu. Hilo nililisema mimi mwenyewe, moyoni, kila Alhamisi.

Mara mbili nilipanda bodaboda nikaipeleka Mbinga mjini kwa fundi wa kompyuta na simu, kibanda chake kiko karibu na stendi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haiamki."

Akaifunua. Ikaamka.

Tukatazamana. Akaifunika, akahesabu kwa midomo, akaifunua. Ikaamka tena.

"Mama, mbona hii ni nzima?"

"Kwako ni nzima. Kwangu ikifunuliwa mbele ya watu haiamki."

"Basi ina haya," akasema, na mteja aliyekuwa anangoja simu yake akacheka mpaka akaweka soda chini.

Mara ya pili ikawa vile vile, ila safari hiyo sikutaka kurudi mikono mitupu. Nikamuuliza, hivi yenyewe inajuaje kwamba imefunikwa? Kwani ina macho? Akanieleza bila kunidharau, na namshukuru kwa hilo. Alisema kwenye mfuniko kuna sumaku ndogo, na huku chini penye herufi kuna kitu kinachoisikia hiyo sumaku. Sumaku ikisogea karibu, kompyuta inasema nimefunikwa, inalala. Ikienda mbali, inasema nimefunuliwa, inaamka. Nikaandika. Ninaandika kila kitu, hata kisichonihusu.

"Vizuri mama, unaandika," akasema. "Sasa kila ikikataa, andika siku, saa, umeme upo au haupo, chaji ni kiasi gani. Tukiona mpangilio, tumeupata ugonjwa."

Ndivyo daftari lilivyozaliwa. Nilichora safu kwa rula: siku, saa, umeme, chaji. Safu ya tano niliiongeza mwenyewe, na naona aibu kuitaja. Nani alikuwepo.

Niliiongeza kwa nia njema, nadhani. Nilisema nisije nikamlaumu mtu kwa hisia; nihesabu kwanza, ndipo niseme. Nikahesabu. Imekataa mara sita, na mara zote sita wifi yupo. Imeamka siku nyingi sana mezani, na siku zote hizo wifi hayupo. Mwalimu naye mara moja kati ya zile sita alikuwa mgonjwa, akatoka kwenye lawama. Mama wa sauti ya pili alikosa mara mbili, akatoka. Wakatoka wote mmoja mmoja. Akabaki wifi.

Sasa nimweleze wifi. Kwao ni chini, ufukweni, upande wa Mbamba Bay. Kaka yangu alimwoa akamleta huku juu kwenye baridi, na miaka yote hii hajaacha kuisema baridi hiyo kama jirani mbaya. Anaongea sana, anacheka sana, ana sauti ya kwanza inayoweza kumwamsha mtu aliye ng'ambo ya bonde. Anapenda kugusa vitu. Akiingia kwako ameshafungua sufuria kuona mmepika nini. Kwa hiyo daftari liliposema wifi, na mimi nikasema moyoni, ndiyo, huyu, vidole vyake.

Mwaka ule kwaya yetu ilialikwa na parokia moja ya ufukweni, kwao kabisa, kuimba Jumapili pamoja na kwaya za huko. Tulitaka kwenda na wimbo mpya. Na wimbo akautunga wifi. Hakuna mwanamke aliyewahi kututungia wimbo. Nyimbo zote alitunga mwalimu. Aliutunga akiwa anageuza kahawa kwenye kichanja, mimi nikichagua mbegu mbovu, na kila ubeti ukimjia aliuimba, nami nikauandika kwa penseli nyuma ya kalenda ya zamani. Beti sita. Ubeti wa tano ulihusu mama yake. Aliuimba mara moja tu, mgongo kanigeuzia, halafu akasema, "Umeandika?" Nikasema nimeandika. Akasema, "Haya, umetoka. Siutaki tena kichwani." Mama yake alikuwa bado mzima kule chini, na angekaa kanisani Jumapili ile.

Jumatano niliubeba wimbo hadi meza ya kulia nikauandika wote kwenye kompyuta kwa vidole viwili. Wifi alipita jioni kuchukua chumvi, akasimama mlangoni akausoma kwa mbali, akatabasamu. Nilipotaka kuuhifadhi, kompyuta ikaniuliza jina.

"Uitwe nani?" nikamuuliza.

"Usiuite kwanza. Kesho kwaya wakishauimba tutaona wenyewe unaitwaje."

"Bila jina haukubali kuhifadhiwa."

"Si umesema ikilala inaamka pale pale ilipoishia?"

Kweli nilikuwa nimesema hivyo, tena kwa majivuno. Ningeweza kuandika jina lolote, hata "Jumatano", lakini halikunijia kichwani kabisa. Kwaya yetu ndivyo inavyofanya, wimbo unaimbwa kwanza, wazee wa kwaya wanasikiliza, ndipo unapewa jina mbele ya wote. Kuupa jina pale mezani, kati ya chumvi na mboga, nilikuona kama kuiba. Nikaifunika. Na asubuhi, maana nataka kuwa mkweli, nikawashia moto kwa ile kalenda. Kuni zilikuwa mbichi. Nilijiambia wimbo uko salama ndani ya mashine, karatasi ya nini.

Alhamisi kwaya wakazunguka spika. Nikaifunua. Giza. Nikabonyeza. Jicho moja, giza.

"Shikilia kitufe, katibu," mwalimu akasema. "Tumeizoea."

Kidole changu kilikuwa kimeshafika pale. Wifi ndiye aliyepiga kelele.

"Wifi, acha! Haujahifadhiwa!"

Nikaondoa kidole kama nimegusa kaa la moto. Ikabidi tuwaeleze wengine kwamba wimbo, nilioutoa kwenye kalenda, umo humo ndani, umelala na mashine, haujahifadhiwa, na kuizima ni kuufuta.

"Kalenda iko wapi?" mwalimu akauliza.

Nikaangalia jikoni. Hakuuliza mara ya pili.

Wakaanza kuukusanya wimbo kwa kichwa. Ubeti wa kwanza wifi aliukumbuka. Wa pili, wa tatu, wa nne, wa sita, hata mimi nilijazia hapa na pale. Wa tano akasimama. Akajaribu sauti bila maneno, akasimama tena.

"Huu ulinijia mara moja tu," akasema.

"Ulisemaje?" mama wa sauti ya pili akamuuliza.

"Nakumbuka kwamba ulikuwa wa kweli. Maneno sikumbuki."

"Tunga mwingine, kwani vipi?" mwalimu akasema.

"Wa nini? Mama yangu anawajua waongo."

Hapo ningenyamaza. Aliyechoma kalenda ni mimi, na aliyeifunika kompyuta bila kuhifadhi ni mimi. Lakini nilikuwa nimeaibika kupita kiasi, na daftari lilikuwa mkononi. Nikalifungua. Nikasoma mbele ya watu wote, kwa sauti ya katibu anayesoma muhtasari: mara ya kwanza, waliokuwepo, mara ya pili, waliokuwepo, mpaka ya sita, na hii sasa ya saba. Nikasema simlaumu mtu, nasoma tu kilichoandikwa, lakini kila mashine hii inapokataa, wifi yupo, na asipokuwepo inaamka.

Kwanza akacheka. "Kwa hiyo mimi ni mchawi wa kompyuta!" Wengine wakacheka naye. Halafu akaniangalia akaona mimi sicheki.

"Ah," akasema. "Uliniandika."

Akachukua kanga yake kwenye kiti, akaenda zake. Mazoezi yakaisha.

Ijumaa asubuhi nikampigia simu fundi. Nikamweleza yote isipokuwa habari ya wifi.

"Mama, usishikilie kitufe," akasema upesi. "Kitu ambacho hakijahifadhiwa kinaishi kwa chaji tu. Ukiizima, umekiua. Inawezekana yenyewe imejihifadhia nakala mahali, lakini hiyo ni ya zamani, sithubutu kukuapia. Iko kwenye chaji?"

"Iko."

"Iache hapo hapo. Usiisogeze, usiitikise. Betri yake ni mbovu, waya ukichomoka tu, kwaheri. Mimi nina kazi hapa mpaka Jumatatu."

"Sisi tunaondoka Jumapili alfajiri."

"Basi tuombe umeme usikatike," akasema.

Saa nne umeme ulikatika. Niliacha maharage motoni nikakimbilia sebuleni, nikasimama mbele ya ile taa ndogo kama mtu aliyesimama mbele ya mgonjwa anahesabu pumzi. Ikapepesa, ikapepesa. Sijui niliomba nini, nadhani niliomba kwa kunung'unika, kama mtu anayedai. Umeme ukarudi kabla maharage hayajaungua. Siku nzima nikawa nawafukuza wajukuu sebuleni. Mume wangu aliporudi shambani nikamwambia ale jikoni, asitikise sakafu. Akauliza nani amefariki.

Nikatamani kwenda kwa wifi. Nyumba yake naiona kutoka kwenye kahawa zangu, ni kushuka tu na kupanda. Nikafika hadi mwisho wa shamba nikarudi. Nilikuwa bado nasema moyoni: lakini mara saba ni mara saba.

Jumamosi asubuhi akaja mwenyewe. Hakubisha hodi kwa ile sauti yake ya siku zote. Alisimama mlangoni na mfuko wa nyuzi.

"Karibu, wifi."

"Sikai. Nimekuja kuchukua kitambaa changu, kisije kikaharibu na redio."

Nikasema, "Kimekaliwa na kompyuta. Fundi kasema isisogezwe."

Akaangalia. Kweli kilikuwa chini yake. Ncha ile isiyomalizika ilikuwa inaning'inia kwa mbele.

"Basi nimalizie hapo hapo ncha," akasema, "nisije nikadaiwa na kazi ambayo sikumaliza. Nikimaliza naondoka. Kompyuta yako siigusi. Mikono yangu hii hapa, iangalie."

Akavuta kigoda, akakaa mbele ya spika, akaanza kufuma. Mimi nikaenda kuchemsha chai, maana hata kama mmekosana, mtu akiwa ndani ya nyumba yako unachemsha chai. Niliporudi na vikombe alikuwa amesimamisha kazi, ameshika uzi, anaangalia ubao wa spika.

"Wifi," akasema, "spika yako inaniibia sindano."

"Inakuibiaje?"

"Tazama."

Ile sindano yake ya kufumia, ya chuma, ilikuwa imelala juu ya kitambaa, karibu na kompyuta. Akaichukua kwa vidole viwili, akaishikilia juu kidogo, akaiachia. Haikuanguka kama vitu vinavyoanguka. Ilivutwa ikajibandika, *tak*. Akaivuta, ikawa nzito kung'oka. Akaipeleka mbali, pembeni kabisa mwa sanduku, ikaanguka kawaida ikabingirika. Akairudisha katikati: *tak*.

"Kuna sumaku humu," akasema. "Kubwa."

Nikaweka vikombe chini. Nikaenda kuchukua daftari. Nilifungua ukurasa wa siku ile ya fundi, nikasoma kimya, halafu nikampa na yeye asome. Wifi amefika kidato cha nne, anasoma haraka kuliko mimi. Nilimwona midomo ikifika kwenye neno "sumaku", ikasimama, ikarudia mstari.

"Sumaku ikisogea karibu, inadhani imefunikwa," akasema.

"Ndiyo."

"Na hii imeikalia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kila Alhamisi tunaifunua, yenyewe inasikia bado imefunikwa, inarudi kulala."

Nilikuwa naangalia zile safu zangu nilizochora kwa rula. Siku, saa, umeme, chaji, nani alikuwepo. Wifi naye akaziangalia, akapitisha kidole.

"Hapa hukuandika kompyuta ilikuwa wapi."

"Sikuona haja," nikasema. "Ilikuwa mahali pake."

"Na mimi nilikuwa mahali pangu," akasema. "Alhamisi, kwenye kwaya."

Nilitamani sakafu inimeze, lakini hakukuwa na nafasi ya kutubu vizuri. Taa ilikuwa bado inapepesa. Waya wa chaji ulikuwa mfupi, umetoka nyuma ya spika, haufiki mezani, na fundi kasema usichomoke. Tukaamua kuinua tu, mfuniko ukiwa wazi kama tulivyouacha Alhamisi, moja kwa moja juu, kadiri waya utakavyoruhusu. Yeye akashika upande huu na mimi upande ule.

"Nimeruhusiwa kugusa?" akauliza.

"Wifi, tafadhali."

Tukainua. Vidole vinne, hakuna. Shubiri moja, hakuna. Tukaipandisha hadi kifuani, waya ukanyooka, na kabla hatujabonyeza chochote kioo kikawaka. Siyo jicho moja, macho yote. Na wimbo huu hapa, beti sita, na kile kijiti kidogo kinapepesa mwisho wa mstari wa mwisho, pale pale nilipoishia.

Wifi akapiga ile sauti yake ya kwanza. Kuku wakatawanyika uani.

"Usiishushe!" nikasema.

"Siishushi! Andika jina!"

Akabaki amesimama ameishika kwa mikono miwili kama mhudumu mwenye sinia la soda harusini, mimi nikaachia upande wangu nikaanza kutafuta herufi. Mashine ikauliza jina. Kichwa changu kikawa cheupe.

"Jina gani?"

"Lolote, wifi, mikono inachoka!"

"Kwaya haijausikia—"

"Andika!"

Nikaandika kitu nilichokiona mbele yangu, kimejibandika katikati ya maua ya buluu: sindano. Nikabonyeza, ikakubali. Nikabonyeza tena, na mara ya tatu, kwa usalama. Halafu wifi akaniambia nimshikie, akachukua kalamu na daftari, akanakili ubeti wa tano kwa mkono wake, akisema mashine ni mashine. Ndiyo maana umo humu mpaka leo, kwa mwandiko wake, kati ya safu ya chaji na safu ya nani alikuwepo:

*Siku nilipopanda gari la milimani
mama alisugua sufuria moja asubuhi nzima,
akanipa mgongo, akasema nenda,
na sufuria ikang'aa kama ziwa.*

Chai ilikuwa imepoa. Tuliinywa hivyo hivyo. Nilimwomba msamaha, akasema ameusikia, lakini yeye aliandikwa mbele ya kwaya na si mbele ya chai. Nikaona ni haki. Mchana, kwenye mazoezi ya mwisho, nilisimama na lile daftari nikasoma mara zote saba upya, na baada ya kila moja nikaongeza: kompyuta ilikuwa juu ya spika. Mwalimu akakohoa.

"Kwa hiyo mchawi ni spika," akasema, "na aliyeshauri tuilaze uso chini ni mimi. Katibu, niandike na mimi."

Nikamwandika.

Jumapili tukashuka. Njia inazunguka milima, inazunguka, halafu ghafla ziwa liko chini yako lote, na wifi akavua sweta kabla hatujafika hata nusu. Kanisani mama yake alikaa benchi la pili, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, mikono ameifungia kifuani kama mtu aliyekuja kukagua. Karatasi tulizochapishia Mbinga mjini, tulipomwamsha mwenye stesheneri alfajiri, zilikuwa na neno "sindano" kwa juu, na hakuna aliyethubutu kulifuta. Tukaimba. Ubeti wa tano wifi aliuimba peke yake, na hakumgeuzia mtu mgongo. Mimi, Mungu anisamehe, sikuwa naangalia altare. Nilikuwa naangalia benchi la pili. Mikono ilibaki imefungwa kifuani. Uso haukubadilika hata kidogo.

Baada ya ibada tukaenda kwao kula mbasa, samaki wa ziwa lao, na ugali wa muhogo. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeandika?"

"Ndiyo, mama."

"Kuna makosa." Akamwangalia binti yake, aliyekuwa ananawa mikono na sasa ameacha kunawa. "Sikukupa mgongo mimi. Jiko lilikuwa upande ule. Na sufuria ilikuwa imeungua ugali, na aliyeuunguza ni wewe, kwa kulia lia na kukumbatia watu badala ya kusonga. Ningefanya nini? Niiache hivyo?"

Hakuna aliyejua kama acheke. Wifi alisimama maji yanamdondoka vidoleni.

"Lakini asubuhi nzima, mama?" akauliza taratibu.

Yule mama akanyoosha ukingo wa mkeka ambao haukuwa umekunjika.

"Iliungua sana," akasema.

Halafu akaniambia mimi, maana ndiye niliyekuwa karibu na nina kalamu, "Andika na hilo la ugali, kusiwe na uongo. Ukimaliza waambie wenzako waimbe tena hiyo ya sufuria. Kanisani kulikuwa na watoto wanakohoa, sikusikia vizuri."

Nikaandika la ugali. Wakaimba tena.